Bei ya Usingizi

Nyumba yangu ya Uyole ina vyumba sita na mita moja.
Kila mwisho wa mwezi tulikaa ukumbini na daftari:
Sanga wa cherehani, Mwalimu Kibona na redio yake,
mabinti wawili wa chuo na pasi yao ya kificho,
tukagawana uniti kama watu wanaogawana chumvi,
kwa ncha ya kijiko, kwa macho.

Tuliishi chini ya mstari,
ule mstari wa watumiaji wadogo
ambao ukiuvuka hata kwa kidole
unaitwa mkubwa, bila kuulizwa umekula nini.

Ndipo Andongwisye akaja na guta la umeme.
Liliingia kimya. Mbwa wa jirani
hakujua abweke upande gani.
Waya ukatoka dirishani kwake usiku
kama mkia wa kitu kilicholala ndani.

Wiki ya tatu nikabonyeza tarakimu zote ishirini,
mita ikanijibu kwa uniti za kuhesabika.
Nikarudia kusoma meseji, labda nimekosea.
Sikukosea. Tulikuwa wakubwa.
Sanga akasema, uzi ungali mdomoni,
"Mama Subilaga, tunalisha punda wa mtu."

Nilishaandaa maneno ya kumwondoa.
Kisha wakapita vijana wa shirika na makaratasi:
kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri
bei inashuka nusu, mita mpya inafungwa bure,
na mwenye chombo cha kuchaji
atapewa laini yake na ruzuku juu. Motisha, walisema.
Fomu kurasa nne. Ukurasa wa tatu ukataka hati ya kiwanja,
na hati ina jina la Mwaisumbe,
aliyelala Igawilo mwaka wa kumi na moja sasa.
Bei ya usiku tukapata.
Ruzuku ilitaka saini ya marehemu.

Basi nyumba ikahamia usiku.
Saa nne ikigonga, cherehani inaanza kukimbia,
pasi inatoka mafichoni bila aibu,
Mwalimu anachemsha chai na kusahihisha madaftari,
na mimi, ambaye baridi ya Julai hainiachi nilale,
nasikiliza watu wangu wakinunua mwanga
kwa bei ya usingizi wao.
Asubuhi kila mtu ana macho mekundu
na kila mtu ana nafuu.

Usiku mmoja nilichungulia chumbani kwa Andongwisye.
Betri ilikuwa imefunikwa blanketi.
Yeye alijikunyata na koti.

Alfajiri moja akanipandisha Isyonje kuchukua viazi.
Kupanda, guta tupu, tarakimu zilishuka
kama maji kwenye ndoo iliyotoboka,
nami nilizihesabu kwa daftari la kichwani: hii ya Sanga,
hii ya Mwalimu, hii yangu.
Umande ulikuwa umeganda kwenye majani ya pareto.
Tukapakia magunia manne, lumbesa, shingo zimefumwa kwa kamba.
Kurudi, hakukanyaga kitu. Uzito wenyewe
ulitusukuma kuteremka ndani ya ukungu,
na pale kwenye kioo, ishirini na nane, ishirini na tisa,
thelathini na moja.

"Nani analipa?" nikauliza.
Akacheka. "Mlima, mama. Ukishuka na mzigo, unarudisha."
"Fomu yake iko wapi?"

Mwisho wa mwezi, chini ya majina ya vyumba sita
nikaandika la saba: Isyonje.
Sanga alilitazama, akalamba uzi, hakusema kitu.

Juzi nimesikia bei ya usiku nayo itapandishwa,
wengine wanasema itaanza saa sita, wengine inafutwa kabisa.
Sijui. Nimenunua daftari jipya.
Majina nimeyaandika kwa wino.
Bei naziandika kwa kalamu ya risasi.